Mheshimiwa asikuandikie barua ya MBA

Usithubutu! Umesema uko benki pale Upper Hill mwaka wa pili sasa, unataka kwenda kusoma MBA, shahada ya uzamili ya biashara, Marekani baadaye, na barua ya mapendekezo utaandikiwa na mheshimiwa rafiki wa baba yako. Hayo mengine uliyouliza, ya GMAT (mtihani wa kuombea MBA), CPA (ile ya uhasibu) na kujitolea, yangoje kwanza.

Mimi niliandikiwa na mkurugenzi mkuu niliyekuwa nikisalimiana naye kwenye lifti tu. Mshauri mmoja hapa mjini, aliyekula akiba yangu ya Sacco, ndiye aliyeshikilia kwamba jina kubwa hufungua mlango. Uongo mtupu, na hadi leo anawauzia vijana maneno hayo hayo! Katibu wa mkurugenzi alinionyesha nakala: kijana mtiifu, mchapakazi, anatoka familia nzuri. Ungebadilisha jina tu, ingemfaa mtu yeyote. Nikakataliwa kote nilikoomba, na ada ya maombi hairudishwi.

Vyuo vingi humtumia anayekupendekeza fomu yenye maswali kama haya: Mlinganishe na wenzake wa ngazi hiyo, toa mifano. Eleza ulimkosoa wapi kazini, naye akafanya nini. Mheshimiwa atajibu nini hapo? Amekukosoa lini? Stanford wanataka barua 2, na moja wanaitaka kwa msimamizi wako wa sasa, yule unayeripoti kwake.

Kwa hivyo akuandikie anayekagua kazi yako, basi. Na kwa kuwa umeanza mapema, una muda wa kumpa cha kuandika. Ile kazi ya kufunga hesabu za mwisho wa mwezi ambayo kila mtu anaikwepa, iombe wewe. Akikurudishia ripoti imejaa wino mwekundu, usijitetee. Irekebishe, mpelekee aone, na uandike mahali tarehe na alichokuambia, maana baada ya miaka miwili atakuwa amesahau, na wewe ndiwe utakayemkumbusha. Akihamishiwa tawi la Mombasa au Eldoret, usipoteze namba yake.

GMAT ifanye hesabu zikiwa bado kichwani, matokeo yanadumu miaka 5.

Ongea na baba yako leo, umwombe kwa heshima asimsumbue mheshimiwa. Halafu utuambie hapa: ni nani anayekagua kazi yako kila siku, na mmefanya kazi pamoja tangu lini?