Kesi zimeshuka, tufungue au tusubiri? Maswali yenu na majibu yangu

Wiki iliyopita niligusia jinsi nchi zilivyovutana kuhusu kulegeza masharti ya korona pale kesi zilipoanza kushuka, nikadhani mada imeshachuja, kumbe! Meseji zimemiminika. Nimechagua chache maana nyingi zinafanana, na nyie mlionitukana nimewasoma pia, asanteni.

Kesi zikishuka wiki mbili mfululizo si inatosha? Mnataka nini tena?

Inategemea zimeshukaje ndugu yangu. Kwanza uliza wamepimwa wangapi. Tuseme wiki hii wamepimwa watu 1,000 wakapatikana 100, wiki inayofuata wakapimwa 300 wakapatikana 60. Habari itasomwa kwamba kesi zimepungua kwa asilimia 40 na watu watashangilia, ila piga hesabu mwenyewe: mwanzo walikuwa 10 katika kila 100 waliopimwa, sasa ni 20, yaani huenda ugonjwa unapanda, sisi tumepunguza tu kuutafuta. Ndo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), Mei 2020, lilishauri wanaopatikana na virusi wawe chini ya asilimia 5 ya waliopimwa kwa siku 14 kabla serikali haijalegeza. Na upimaji uwe wa kueleweka, siyo unapima watu kumi halafu unajisifu.

Halafu kuna kuchelewa, na hapa ndo wengi tuliingia mkenge. Mtu akiambukizwa leo dalili mara nyingi zinakuja baada ya siku tano sita hivi, wengine mpaka 14, akishaanza kuumwa anajikaza kwanza nyumbani anasema ni mafua tu, siku ya tatu ndo anaenda kupima, majibu nayo yana siku zake, na mpaka azidiwe alazwe imekatika wiki nyingine. Kwa hiyo namba unayotangaziwa leo ni ya mambo yaliyotokea siku kumi au wiki mbili nyuma. Umefungua Jumatatu, Alhamisi unatamba "mmeona, hakuna kitu", hapo hujaona chochote bado.

Si bora wafungue vyote siku moja tumalizane?

Hapana, na hili nakuonyesha kwa namba. Chukua ugonjwa ambao kila wagonjwa 10 wanaambukiza wengine 8, na tuseme mzunguko mmoja unachukua siku tano. Umeanza na kesi 1,000 kwa siku, baada ya siku 20 uko kama 410. Safi sana. Sasa kwa furaha ukafungua kila kitu, watu wakarudi kubanana kama zamani, kila wagonjwa 10 wakaanza kuambukiza 13: siku 20 nyingine uko 1,170 na ushei. Yaani umerudi ulikotoka na umepitiliza, kwa muda uleule uliotumia kushuka, na watu wameshazoea uhuru, nani atakubali kufungiwa tena?

Kingine, ukifungua vyote kwa mpigo kesi zikipanda hujui kilichokuponza ni nini, ni shule, ni baa, ni mabasi au ni harusi. England mwaka 2021 walipanga hatua nne, kati ya hatua na hatua wiki tano, nne za kusubiri takwimu zionyeshe na moja ya kuwapa watu taarifa mapema. Hatua ya mwisho ilikuwa isianze kabla haijafika Juni 21, aina mpya ya kirusi, Delta, ikaingia, wakaisogeza mpaka Julai 19. Watu walilalamika vibaya mno lakini angalau kila mtu alijua kinachosubiriwa ni kitu gani, na mimi naona hiyo ndo sehemu serikali nyingi zilifeli, walitangaza tarehe bila kusema ni namba ipi ikifikiwa watafungua na ipi ikizidi watafunga tena. Mtu akiambiwa mapema hakasiriki sana, anayeshtukizwa ndo anachoma matairi.

Mbona Denmark walifungua kesi zikiwa juu kabisa na mlisifia?

Swali zuri, umenibana. Kweli, Februari 1, 2022 Denmark waliondoa karibu masharti yote huku maambukizi yakiwa mengi kuliko walivyowahi kuwa nayo. Ila angalia walichokuwa wanakitazama: wodi za wagonjwa mahututi. Watu wengi walishachanja, Omicron, aina ya kirusi iliyokuja baada ya Delta, ilikuwa inasambaa kama moto wa nyikani lakini wanaohitaji oksijeni hawakuongezeka kwa kasi ileile. Kwa hiyo kesi na hatari vilikuwa vimeachana njia. Bila chanjo namba ileile ya kesi ingekuwa msiba. Na tusisahau hao hao walikuwa wameshafungua kila kitu Septemba 2021, Novemba wakarudisha vyeti vya kuingilia maeneo ya ndani, hawakuona aibu, walirudi nyuma wakaendelea.

Enzi za zamani watu walibishana hivi hivi au ni sisi tu na intaneti zetu?

Walibishana, tena sana. Wakati wa mafua makubwa ya 1918, San Francisco walilazimisha barakoa, kesi zikashuka, Novemba 21 saa sita mchana ikapigwa honi ya kuruhusu watu wazivue, zikavuliwa hapo hapo barabarani, njia zikajaa vitambaa. Hebu vuta picha, mji mzima unavua kwa pamoja! Wiki chache tu mafua yakarudi, katikati ya Januari 1919 amri ikarudi nayo, safari hii ikaundwa mpaka jumuiya ya kupinga barakoa, ikafanya mkutano. Februari mosi wakaiondoa tena. Ukibadilisha miaka tu unadhani ni juzi.

Nina saluni. Mnavyosema subirini, subirini, kodi analipa nani?

Dada, hapo sina ujanja. Anayesema tusubiri wiki tano zaidi mara nyingi ni mtu wa mshahara, anafanya kazi kwa laptop, mimi nikiwemo. Kusubiri ni gharama na ikiachiwa wachache waibebe wataanza kufungua mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma hauna dirisha wala hewa, ndo mbaya zaidi. Anayefunga biashara ya mtu ndiye alipe, au akubali kwamba masharti yake yatavunjwa.

Kipi kianze kufunguliwa?

Vya nje kabla ya vya ndani, na shule kabla ya baa. Hapa mtanisamehe sina upole. Denmark walirudisha watoto wadogo darasani Aprili 15, 2020, mapema kabisa. Uganda zilifungwa Machi 2020 na zilikuja kufunguliwa zote Januari 10, 2022, katikati baadhi ya madarasa yalirudi kwa vipindi tu, lakini kuna watoto waliokaa nyumbani karibu miaka miwili, wengine hawakurudi kabisa.

Aamue daktari au mwanasiasa?

Daktari aseme tukifungua wataumwa wangapi, mwanasiasa aamue na asimame mbele ajibu. Shida inakuja mwanasiasa akijificha nyuma ya koti jeupe, "wataalamu wamesema", kumbe wataalamu walimpa njia tatu akachagua moja.

Mei 5, 2023 WHO walitangaza imeisha, sivyo?

Walisema dharura ya kimataifa imeisha, kirusi wala hawakusema kimeisha. Watu wakasikia walichotaka.

Wewe mwenyewe ulilegeza lini? Usitudanganye.

Haya. Nilikuwa mkali kuliko wote, salamu yangu ilikuwa kiwiko. Siku moja msibani mzee aliyefiwa na mkewe akaninyooshea mkono, nikauangalia, unatetemeka kidogo. Nikaushika kwa mikono yangu miwili. Wiki hiyo kesi zilikuwa zinapanda.