Moyo Uliopandikizwa Hauumi: Usisubiri Maumivu Ndipo Upime Mishipa

Aliyepandikizwa moyo asitegemee kifua kuuma ndipo ajue mishipa ya moyo inaziba. Neva za moyo hukatwa wakati wa upasuaji, na kwa wengi hazirudi kiasi cha kufikisha maumivu. Dalili hupitia kwingine: ngazi ulizozizoea zinakukata pumzi, miguu inavimba, uzito unapanda kilo mbili ndani ya siku chache, mapigo yanakosa mpangilio, au unazimia. Ukiona hata moja, wapigie wanaokutibu siku hiyohiyo.

Ugonjwa huu si ule wa mafuta kuganda sehemu mojamoja ya mshipa. Hapa kinga ya mwili hushambulia ukuta wa ndani, nao hunenepa mzunguko mzima, tangu mishipa mikubwa hadi matawi madogo. Ndiyo maana stenti, kibomba cha wavu kinachopanua mshipa, hufaa pale tu penye mbano mahali pamoja, na mara nyingi mbano hurudi. Angiogramu, picha ya eksirei ya mishipa inayopigwa kwa dawa ya rangi, nayo huonyesha njia ya damu tu, haionyeshi unene wa ukuta. Picha inaweza kuonekana safi na ugonjwa umeshaanza. Kwa hiyo uliza kama hospitali yako ina ultrasaundi ya ndani ya mshipa. Ukuta ukiongezeka milimita 0.5 au zaidi katika mwaka wa kwanza, hilo ni onyo zito. Kama figo zako ni dhaifu, sema kabla ya kipimo, maana dawa ya rangi inayotumika huziumiza.

Kwenye dawa ndiko wengi wanakoteleza. Takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga isishambulie moyo mpya, ile ya mara mbili kwa siku humezwa kila baada ya saa 12. Siku ya kupima kiwango chake, toa damu kwanza, kisha umeze dozi ya asubuhi. Ukitangulia kumeza, kipimo kitasoma juu, daktari atapunguza dozi, na moyo utabaki bila ulinzi wa kutosha. Balungi na juisi yake achana nayo kabisa, kwa sababu hupandisha dawa kwenye damu.

Statini, dawa ya kushusha kolesteroli, hutolewa hata kwa mwenye kolesteroli nzuri, hivyo usiiache kwa sababu majibu ni mazuri. Simvastatini, mojawapo ya statini, haichanganywi na siklosporini, dawa nyingine ya kutuliza kinga: misuli inaweza kuharibika. Misuli ikiuma na mkojo ukawa mweusi, nenda hospitali mara moja.

Everolimasi na sirolimasi, nazo dawa za kutuliza kinga, hupunguza kasi ya ugonjwa, lakini huchelewesha vidonda kupona. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, mwambie daktari kwamba unazitumia.