Sanaa au biashara, usome ipi?

Mdogo wangu umeuliza chuo usome sanaa au biashara maana unataka kuishi kwa kuchora, mi nakwambia chukua sanaa ila hakikisha kozi ina kuchora mtu aliyekaa mbele yako kabisa sio kukopi picha za kwenye simu, kuanzia kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole kuna mifupa 27, usipoijua vidole vyako vitatoka kama ndizi kila siku. Da Vinci mwenyewe, yule mchoraji wa Mona Lisa, alipasua maiti aone misuli ilivyoshikana, we hutafika huko lol ila anatomia, yani somo la mwili ulivyoundwa, usiikwepe. Alafu ongeza somo la mikataba na hakimiliki. Mi nilishauza mchoro nikasaini bila kusoma, baadae nauona kwenye matisheti na siwezi kudai hata senti. Programu za kompyuta utajifunza mwenyewe tu YouTube.