Amplifaya ya valvu inayonguruma besi

Ndugu yangu wa Ujiji, ikiwa amplifaya yako ya gitaa inayotumia valvu (mirija ya kioo inayokuza ishara ya sauti) hutoa mngurumo wa besi badala ya mkwaruzo safi unapoifungulia hadi mwisho, usikimbilie kubadilisha valvu. Chomoa kwanza waya ukutani, toa chaji kwenye kapasita kubwa za kichujio kupitia rezista, kisha pima kwa mita mpaka isome karibu na sifuri, kwa kuwa kapasita hizo hutunza volti mia kadhaa hata baada ya kuzimwa, na volti hizo zinaua. Halafu angalia kapasita iliyo sambamba na rezista ya kathodi (ncha ya valvu inayotoa elektroni) katika hatua ya kwanza ya ukuzaji, yenye valvu ya aina ya 12AX7: ikiwa ni ya mikrofaradi 25, weka ya 0.68, kama ilivyo katika baadhi ya amplifaya za Marshall, ili besi ipungue kabla sauti haijaanza kukwaruza na nyuzi nene zisikike wazi.