Shangazi nijibu: mchumba wangu akiona kamera anakakamaa

Wiki hii barua zote ni za picha za uchumba, sijui mmeambiana au ndo msimu. Mnajua shangazi yenu kabla ya kukalishwa kwenye hii meza nilishika kamera miaka mingi, kwahiyo leo najibu kwa raha zangu, mtanivumilia nikirefusha.

*

Shikamoo shangazi. Mimi na mchumba wangu tunapiga picha za uchumba wiki mbili zijazo, fotografa tumempata, nguo zipo, lokesheni ipo, shida ni yeye mwenyewe. Huyu mtu tukiwa wawili anacheka mpaka machozi lakini ukimwelekezea simu tu mabega yanapanda, mdomo unabana, anatoka kama picha ya pasipoti. Nimemwambia awe anafanya mazoezi ya kucheka kwenye kioo amenuna siku nzima. Nifanyeje? Mwenye Pete

Marahaba mwanangu. Kwanza mwombe msamaha kwa hilo la kioo. Mtu akijifunza kucheka mbele ya kioo anajifunza kuonyesha meno, basi. Kicheko cha kweli kinaonekana machoni, mashavu yanapanda na pembeni mwa macho panajikunja, na ile misuli inayozunguka macho ni ngumu sana kuiamrisha, yenyewe inasubiri mpaka kuwe na kitu cha kuchekesha kweli. Ndo maana fotografa anayepiga kelele "chekeni, chekeni" anapata meno matupu.

Mtu kama huyo mpe kazi. Anakakamaa kwa sababu amesimama hana anachofanya na anahisi anaangaliwa, sasa akiwa na kitu cha kufanya anasahau. Mtembee kuelekea kwenye kamera mmeshikana mikono, polepole kuliko mnavyotembea kawaida, mnaangaliana nyinyi kwa nyinyi sio fotografa. Akufunge kamba ya kiatu. Ujifanye unamkunjia mikono ya shati. Mimi nilikuwa na ujanja wangu mmoja ambao haukuwahi kuniangusha: namwambia mwanaume amnong'oneze mwenzie sikioni, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, alichofanya tangu ameamka. Sasa mtu anaanza, "habari za hivi punde zinasema leo asubuhi nimetafuta soksi nusu saa na nilikuwa nimezivaa", mwanamke anaangua kicheko, na yeye akiona amemchekesha anacheka vilevile, mimi hapo kidole hakitoki kwenye kitufe. Picha nzuri haikuwa ile ya kicheko chenyewe, ilikuwa sekunde mbili baadae wakati wanatulia na bado wanaangaliana. Mwambie fotografa wako asishushe kamera mapema.

Mwili nao una mambo yake madogo madogo. Mabega yakipanda, avute pumzi nyingi aitoe yote mdomoni na picha ipigwe anapomalizia kuitoa, mabega yatakuwa yameshashuka yenyewe. Uzito auweke mguu mmoja, ule wa nyuma, asisimame kama yuko gwaride. Mkono usio na kazi uingie mfukoni dole gumba libaki nje. Na kidevu, hapa watu wengi wanakosea, wanarudisha kichwa nyuma wakidhani ndo kujiweka vizuri alafu kidevu cha pili kinatokea pale hata kwa mtu mwembamba. Asogeze paji la uso mbele kidogo kisha ashushe kidevu kidogo sana. Atajiona kama kobe anachungulia, mwambie avumilie, kwenye picha hakuna atakayejua.

Alafu kuna kitu yawezekana hajawahi kuambiwa. Watu wengi wanaosema "mimi sitokagi vizuri kwenye picha" wamezoea kujiona kwenye selfi, na simu ikiwa urefu wa mkono kutoka usoni pua inakuwa kubwa kuliko ilivyo maana ndo iko karibu zaidi na lenzi. Fotografa akitumia lenzi ya milimita 85 hivi anasimama mbali hatua kadhaa na sura inarudi kwenye vipimo vyake, na zaidi ya yote mwenzio hatahisi kuna mtu amemjazia kamera usoni. Muulize fotografa kabla.

Dakika 20 za kwanza zihesabu kama hazipo. Kila mtu anakuwa mgumu mwanzoni, hata wewe unayejiona mjuzi. Kwahiyo picha unazozitaka sana zisiwe za kwanza kwenye ratiba.

Na wewe mwanangu, siku hiyo usimrekebishe. Kumrekebisha ni kazi ya fotografa. Nimeona mabinti wanaharibu picha zao wenyewe kwa "simama vizuri basi", kila baada ya dakika "simama vizuri basi", mwisho wa siku mwanaume kafunga uso na kila fremu wanaonekana wametoka kugombana. Na kweli walikuwa wametoka kugombana.

*

Mambo shangazi. Fotografa wetu anang'ang'ania tufike alfajiri au jioni kabisa, sisi tunataka saa saba mchana jua likiwa limewaka vizuri ili picha zitoke angavu. Si anatusumbua tu huyu?

Poa. Hawasumbui, mko kwenye mikono salama. Picha zangu mimi mwenyewe za uchumba zilipigwa saa saba mchana, zipo kabatini, sizionyeshi mtu. Macho tumefinya wote wawili na chini ya macho kuna vivuli vyeusi kama hatujalala wiki nzima. Jua likiwa utosini linamulika paji la uso na ncha ya pua, macho yanabaki kwenye mashimo.

Lile jua la saa moja baada ya kuchomoza na saa moja kabla halijazama linakuja kwa ubavu, linaingia usoni, na kwa sababu mwanga unakuwa umepita kwenye hewa nyingi zaidi ile rangi ya bluu inatawanyika njiani inayofika ni ya njano na nyekundu, ngozi ya kila mtu inapendeza hapo, nyeusi nyeupe maji ya kunde. Ila ujue mkiwa karibu na ikweta jua linazama wima na giza linaingia fasta, huko mbali na ikweta ndo linajivuta linavuta. Kwahiyo fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu, angalia siku hiyo jua linazama saa ngapi, hesabu saa mbili nyuma, hapo ndo muwe mmeshavaa, mmeshafika na mmeshamaliza mekapu. Sio ndo mnatoka nyumbani.

Kama lazima iwe mchana, tafuteni kivuli kizima, kama ubavu wa jengo refu. Chini ya mti wenye matawi machache msikae, jua linapenya kwenye majani mnatoka na madoa usoni kama chui. Na mawingu yakitanda msilie, fotografa anashangilia kimyakimya, wingu linalainisha jua na vivuli vikali vyote vinapotea.

*

Shangazi, tushone sare? Dada yangu anasema bila sare hatutaonekana wapenzi.

Mnataka kupiga picha au mnaenda kucheza mechi? Sare kabisa siipendi, na hilo ni la kwangu, wengine wanazipenda. Chukueni rangi mbili tatu zinazoelewana, mmoja awe na maua au nakshi mwingine avae rangi moja tupu. Yale mashati ya mistari myembamba iliyobanana au drafti ndogondogo yaacheni, kwenye kamera za kidijitali yanatoa mawimbi ya ajabu yanayocheza kwenye kitambaa, na kuyaondoa kwenye kuediti ni mateso. Rangi zinazowaka kama ya kalamu za kuwekea alama nazo hapana, zinarusha rangi yake chini ya kidevu, unakuwa na shingo ya kijani. Hata majani mabichi mkiyalalia juani yanafanya hivyohivyo.

Nguo mjaribuni kwa kukaa chini, kuinua mikono juu na kukumbatiana mbele ya kioo, maana ile inayopendeza umesimama wima ndo hiyohiyo ukikumbatia inapanda mpaka kiunoni. Na mifuko muitoe vitu vyote! Niliwahi kuwapiga watu saa nzima, mwanga wa kufa mtu, kurudi kwenye kompyuta naona kila picha jamaa ana bonge la uvimbe pajani. Funguo. Na mimi ndo nilikuwa nimeshika kamera sikuona, mpaka leo naona aibu.

Mekapu: kama mtapiga mpaka giza na fotografa atatumia flashi, ogopa krimu za jua na poda zenye titanium dioxide au zinc oxide, zinarudisha mwanga wa flashi uso unatoka mweupe kuliko shingo. Ijaribuni siku kadhaa kabla, jipige na flashi ya simu uone. Na wiki hiyo usianze krimu mpya usoni, hata kama rafiki yako kaisifia vipi.

*

Shangazi vipi, mimi ni mwanaume, hivi na mimi kuna kitu natakiwa kujiandaa au nanyoa tu naenda? Nina miwani pia.

Kucha baba. Picha za uchumba ni picha za mikono, pete itapigwa kwa karibu sana na mkono wako ndo utakuwa umeshika wa kwake. Kata, safisha, paka mafuta. Kunyoa nyoa siku tatu nne kabla, sio asubuhi ile, vipele vya wembe vinahitaji muda kutulia. Saa ya kidijitali vua, inawaka wakati usiotakiwa.

Pete nayo muisafishe, ile ya kuvaliwa kila siku inashika mafuta na sabuni kwa chini jiwe linafifia. Maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, iloweke dakika 20 alafu sugua taratibu kwa mswaki laini hasa upande wa nyuma ya jiwe, suuza kwenye bakuli sio juu ya sinki lenye tundu wazi tafadhali. Kama ni lulu au opali usiloweke, futa tu na kitambaa laini chenye unyevu.

Miwani: kama ni zile zinazobadilika rangi usiende nazo. Zinageuka kwa mionzi ya urujuanimno sio kwa mwanga tunaouona, kwahiyo hata siku ya mawingu zinaweza kuwa nyeusi na macho yako hatuyapati. Tafuta ya zamani yenye vioo vya kawaida. Vioo viking'aa, inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo vielekee chini, mng'ao mwingi unapotea.

*

Shikamoo shangazi, fotografa alibonyeza kama mara 600 anatupa picha 40, na tukiomba zote anakataa. Huu si wizi?

Marahaba. Sio wizi, ila mlitakiwa kukubaliana kabla. Kwenye hizo 600 kuna macho yamefumba, kuna nywele zimeziba uso, kuna kumi zinazofanana kabisa. Na zile faili ghafi hazijawa picha bado, fotografa kukupa hizo ni kama fundi kukupa nguo ina pini na haijashonwa, alafu wewe uivae useme kakushonea yeye.

Wengine mnaosoma, kabla ya kutoa advansi andikianeni hata kwa meseji: mtapiga saa ngapi, picha ngapi zilizoeditiwa, zinatoka baada ya siku ngapi, mvua ikinyesha inakuwaje, na nani anaruhusiwa kuzirusha mtandaoni. Hilo la mwisho msilipuuze, kwenye nchi nyingi hakimiliki ni ya mpiga picha mpaka mkubaliane vingine, kwahiyo kama hamtaki kujikuta kwenye tangazo lake semeni mapema.

Alafu msipokee kwa WhatsApp kama picha za kawaida, inazibana. Picha ya kutundika ukutani ya sentimita 20 kwa 30 ikichapishwa kwa ubora wa doti 300 kwa inchi inahitaji pikseli kama 2,400 kwa 3,500, zile zilizobanwa hazifiki huko zinatoka na ukungu. Awatumie kama dokumenti au linki, na mkizipata mziweke sehemu mbili tofauti, simu zinapotea.

*

Shangazi ikinyesha?

Mwavuli mkubwa mmoja, mweupe au ule wa kupitisha mwanga. Mwekundu utawafanya nyuso nyekundu mkadhani mmeungua. Na viatu vya akiba.