Excel ya malipo ya korosho kugoma kuingia GnuCash

Dada wa Masasi, umeuliza kwa nini faili lako la Excel linakataliwa, na ulipolilazimisha, malipo ya tarehe 3 Novemba yakasomeka 11 Machi. GnuCash, programu ya kutunza hesabu za fedha, haipokei Excel moja kwa moja, inataka CSV, yaani faili la maandishi matupu. Tarehe nayo ni hiyo 03/11/2024: programu imeanza na mwezi. Kabla ya kuhifadhi kama CSV, panga kolamu nzima iwe 2024-11-03, mwaka mbele, halafu chagua mpangilio huohuo wakati wa kuingiza.

Kwenye pesa ndipo penye kazi. Malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, umeyaandika "TSh 1,250,000". Toa TSh, toa na koma, ibaki 1250000, maana kwenye CSV koma ndiyo inayotenga kolamu. Futa pia kichwa cha benki kule juu na ule mstari wa JUMLA chini, la sivyo unaweza kuingia kama muamala na ukajiona tajiri wa msimu mzima!

Zilizoingia na zilizotoka ziache kolamu mbili, hazina shida. Weka nakala ya faili lako la GnuCash pembeni, jaribu mistari mitano kwanza. Ikikaa sawa, ingiza iliyobaki bila hiyo mitano.