Wakitangaza filamu ya katuni uliyokua nayo, angalia nini kwanza

Kila zinapotoka habari kwamba gemu au katuni fulani inatengenezewa filamu, mashabiki huanza na sura: mwigizaji hafanani, nywele si zenyewe, vazi limepauka. Sura ina uzito wake, lakini mara nyingi ndiyo kasoro inayorekebishika. Trela ya kwanza ya filamu ya Sonic, yule mnyama wa bluu wa kwenye gemu, ilitoka mwishoni mwa Aprili 2019 ikiwa na Sonic mwenye meno ya binadamu, macho madogo yaliyoachana, na mikono isiyo na glavu nyeupe. Watu wakapiga kelele, mwongozaji Jeff Fowler akaahidi ndani ya siku chache kwamba atachorwa upya, filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020, na akaja Sonic tunayemjua. Kasoro ya hadithi haitibiki hivyo. Ikishapigwa picha, imeshapigwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua mapema kama utafurahi au utaumia, anza na majina. Aliyebuni kazi ya asili ameandikwa wapi? Maneno "kulingana na kazi ya fulani" peke yake hayampi mtu uwezo wa kukataa chochote. Litafute jina lake kati ya watayarishaji, waandishi na waongozaji. Neil Druckmann, aliyeandika gemu ya The Last of Us ya mwaka 2013, aliibuni tamthilia ya 2023 pamoja na Craig Mazin na akaongoza kipindi cha pili mwenyewe. Hata muziki ulibaki kwa Gustavo Santaolalla, yule yule wa kwenye gemu. Filamu ya Mario ya 2023 ilitayarishwa na Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, na ndiyo maana haifanani hata chembe na ile ya 1993 aliyoigiza Bob Hoskins. Eiichiro Oda, mchoraji wa One Piece, naye alisimama kwenye tamthilia yake ya Netflix kama mtu ambaye bila ridhaa yake kazi haitoki.

Jina likitoweka katikati ya safari, chukua tahadhari. Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, waliobuni katuni ya Avatar: The Last Airbender, walijiondoa kwenye tamthilia ya Netflix mwaka 2020. Tamthilia ilitoka 2024, na pengo lao linaonekana.

Avatar inastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu imejaribiwa mara mbili na kila mara ikaharibika kwa njia yake. Msimu wa kwanza wa katuni una vipindi 20 vya dakika 23 hivi, yaani yapata saa saba na dakika arobaini. Filamu ya M. Night Shyamalan ya 2010 ilitaka kuubana msimu huo wote ndani ya chini ya saa mbili. Hesabu hiyo pekee ilitosha kuonyesha kwamba wahusika wangegeuka wasimuliaji wa matukio yasiyoonekana.

Muda mfupi haukuwa tatizo pekee. Katika katuni, watu wenye nguvu ya kuamuru udongo wanafungwa kwenye jukwaa la chuma katikati ya bahari, mahali pasipo na udongo hata kiganja. Ukipaona tu, unaelewa kwa nini wamekata tamaa, na makaa ya mawe yanapopatikana unaelewa kwa nini wanainuka. Filamu iliwafunga nchi kavu, wamezungukwa na mawe na kukanyaga udongo, kisha Aang, mtoto ambaye ndiye shujaa wa hadithi, akawakumbusha kwamba wana udongo chini ya miguu yao! Mtazamaji anabaki kujiuliza kwa nini hawakutoroka siku ya kwanza. Filamu hiyo hiyo iliamua kwamba askari wengi wa Taifa la Moto, wavamizi wa hadithi hiyo, hawawezi kuwasha moto wenyewe, mpaka wawe na moto karibu. Kwenye katuni moto unatoka kwenye pumzi yao, na hofu ya dunia nzima imejengwa juu ya hilo.

Hiyo ndiyo kanuni ya ulimwengu wa kazi, na ndiyo ninayoiweka mbele ya sura. Kabla ya kutazama, andika kanuni tatu au nne ambazo bila hizo kazi unayoipenda haisimami: nguvu inatoka wapi, inagharimu nini, nani hawezi kufanya nini. Zipime hizo kwenye trela. Mwigizaji asiyefanana utamzoea kufikia kipindi cha pili. Kanuni iliyovunjwa itakusumbua mpaka mwisho.

Tamthilia ya Netflix ilikuwa na vipindi vinane na saa zinazokaribia za msimu wa katuni, kwa hiyo kisingizio cha muda hakipo. Ilichopoteza ni sababu. Katika katuni Aang anatoroka kwa sababu amesikia wakubwa wakipanga kumtenganisha na mlezi wake Gyatso. Anakimbia kweli, anagandishwa kwenye barafu miaka mia, na vita vilivyopiganwa akiwa humo anavibeba kama kosa lake. Kwenye tamthilia anaondoka kwenda kupoza kichwa tu, dhoruba inamkuta. Tukio ni lile lile, bahari ile ile, barafu ile ile, lakini mtoto sasa hana hatia ya kubeba. Sokka, rafiki wa Aang, vilevile: dharau yake kwa wasichana ilipunguzwa makali, hivyo mbele ya Suki, kiongozi wa mashujaa wa kike wa kisiwa cha Kyoshi, hana kosa kubwa la kujirekebisha. Katika katuni anavaa gauni na rangi za usoni za mashujaa wale na kuomba radhi, na hapo ndipo anapoanza kukua. Ukimwondolea mhusika kasoro yake ili apendeze, umemwondolea na safari.

Isikufanye uogope kila badiliko, lakini. The Last of Us iliondoa vumbi la ukungu (fangasi wanaowageuza watu kuwa viumbe hatari) linaloelea hewani, ikaweka nyuzi zinazosambaa ardhini, kwa kuwa waigizaji wenye barakoa muda wote wangetunyima nyuso zao. Kanuni ilibaki: ukungu unaambukiza, na hauna dawa. One Piece, iliyopigwa picha Cape Town, ilibana zaidi ya vipindi 40 vya anime, yaani katuni ya Kijapani, kuwa vinane. Adui mmoja, Don Krieg, karibu hayupo, na mwingine, Arlong, analetwa mapema Baratie, ule mgahawa wa baharini. Pambano la mpiga panga Zoro na Mihawk, na kiapo cha Zoro kwa nahodha wake Luffy, havikuguswa, na ndivyo tulivyokuwa tunavisubiri.

Kwa gemu, hesabu ya muda ina mtego. Saa kumi na tano za kushika pedi si saa kumi na tano za hadithi. Nyingi ni kujificha, kutambaa na kupekua droo ukitafuta vitambaa na pombe ya kutengenezea silaha. Tafuta YouTube video yenye vipande vya hadithi pekee vya gemu hiyo, uone ina urefu gani, kisha linganisha na urefu wa filamu au msimu. Na kama hadithi ya gemu hutegemea maamuzi ya mchezaji, afadhali waandike mpya ndani ya ulimwengu ule ule, kama tamthilia ya Fallout ya 2024 iliyowekwa mwaka 2296 na watu wake wenyewe.

Wazazi, jambo moja la haraka: Arcane na Castlevania, tamthilia zilizotokana na gemu, zimechorwa, lakini si za watoto. Angalia alama ya umri kabla ya kuwaachia rimoti.

Inayosubiriwa sasa ni The Legend of Zelda, iliyopangiwa 2027, Wes Ball akiiongoza na Miyamoto akiwa mtayarishaji. Kwa upande wa majina, inatia moyo. Shida yake ni Link, shujaa wake, ambaye kwenye gemu karibu hasemi. Mchezaji ndiye anayejaza ukimya wake. Katuni ya 1989, yenye vipindi 13, ilimfanya msemaji, na wengi mpaka leo wanaikumbuka kwa kero hiyo. Basi trela zikitoka, achana na upana wa upanga. Sikiliza nani anabeba mazungumzo. Zelda, binti mfalme, akiyabeba, na Link akajibu kwa vitendo, kata tiketi ya siku ya kwanza. Link akianza kutueleza anavyojisikia tangu mwanzo wa trela, subiri kwanza wengine waende.